Tumekodi miwani ya VR tukafanya kikao Dar mpaka Muscat, haya ndo yaliyotukuta

Nianze na hela maana najua ndo mnachotaka kusikia kwanza. Hedseti mbili, yaani hiyo miwani ya VR inayokufanya ujione uko ndani ya kitu kilichochorwa kwenye kompyuta, kwa siku moja ni laki na nusu, na juu yake dhamana ambayo unarudishiwa ukirudisha vitu vikiwa vizima, halafu wanakupa na kijana wa kuwaelekeza nusu saa. Ni hapahapa Dar. Jina la duka silitaji kwa sababu yapo niliyoyapenda kwao na yapo yaliyoniudhi na sitaki kutafutana na mtu, na brandi ya hedseti naiacha pia maana zilishatumika sana na sijui kipi ni kosa la kiwanda na kipi ni kosa la waliokodi kabla yetu. Jua tu ni zile za bei ya kati zinazojitegemea, hazihitaji waya wala kompyuta.

Ukitaka kununua ya kwako, Quest 3 ya Meta ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, na mdogo wake Quest 3S akafuata Oktoba 2024 akianzia dola 299. Hizo ni bei za Marekani za siku zilipotoka, hapa weka usafiri, ushuru na cha juu cha muuzaji. Vision Pro ya Apple ilianza kuuzwa Februari 2024 kwa dola 3,499, hiyo tuwaachie wenyewe, kwa hela hiyo mi naezeka nyumba.

Sasa kwanini tulikodi. Ofisi yetu ni ndogo, tunachora ramani za nyumba na tunatengeneza majiko na makabati, na tuna mteja mmoja bibi wa Kizanzibari anaishi Muscat tangu ujana wake, anajenga nyumba Unguja ya kurudi kupumzikia. Aliyewahi kumjengea mtu wa nje anajua hiyo kazi ilivyo. Mteja anatuma hela anatumiwa picha, anaona ukuta hajui ni ukuta wa chumba gani, kila kikao ni "geuza simu mwanangu, sio huko, rudi nyuma, hapo hapo, aa umepita." Na simu za WhatsApp kule Oman kwa miaka mingi zimekua hazipiti kwahiyo tulikua tunakutana Zoom, yeye kamshikisha mtu simu, sisi tumejibana watu wanne mbele ya laptopu moja. Ramani ya PDF tulimtumia mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikua "mashallah mwanangu, sawa." Mimi nikajua kweli sawa.

Wazo la VR lilitoka kwa mjukuu wake, ana hedseti yake ya gemu, akasema nyie tafuteni za kwenu na mimi ntamvalisha bibi. Bosi wetu ni mtu mzima, akaguna, akasema laki na nusu hiyo ni mifuko mingapi ya saruji, lakini akakubali kwasababu msingi ulikua umeshaisha na tulikua tunakaribia kumwaga jamvi, na jamvi likishamwagwa mambo ya mabomba ya chini ndo basi tena.

Maandalizi yalikula asubuhi yote. Ile nyumba tulikua tumeshaichora kwenye SketchUp, programu ya kuchorea majengo, nikatoa faili nikaliingiza kwenye apu ya vikao, faili kubwa, nikafuta miti na magari yote niliyokua nimeweka kwa urembo ndo likakubali. Halafu inabidi uchore mpaka sakafuni, yaani unaiambia miwani eneo lako la kutembea ni kutoka hapa mpaka hapa ili usije ukajigonga. Ofisi yetu kila ukigeuka kuna kabati au mtu. Tukasogeza meza, tukapata kama kijichumba cha hatua mbili kwa tatu, na bado bosi aliponyoosha mkono kuonyesha dirisha akaiangusha chupa ya chai. Chupa ikapona, chai haikupona.

Halafu vichwa. Hii kitu waliotengeneza nadhani walipima vichwa vyao wenyewe tu. Dada yetu wa uhasibu kasuka rasta kazibana juu, mkanda haukai, ikabidi azifungue. Fundi wetu wa Keko, hapahapa Dar, alikuja na baraghashia yake, akavua, akawa anaishika mkononi muda wote wa kikao kama mtu yuko msibani. Bi Mkubwa kule Muscat mjukuu wake alihangaika dakika kumi kuweka mkanda juu ya mtandio usiteleze. Na bosi anavaa miwani ya macho, kwahiyo ni miwani juu ya miwani, inaingia ila kutoa uwe taratibu usije ukaondoka na vioo vyote. Uzito ni kama nusu kilo na karibu wote umekaa mbele ya uso, dakika za mwanzo huusikii, ikifika nusu saa shingo inaanza kukukumbusha.

Na sponji. Jamani sponji. Ile sehemu inayogusa uso imenyonya jasho la kila aliyekodi toka duka lifunguliwe, na moja ilikua na alama ya poda ya mtu kabisa, rangi sio ya yeyote kati yetu. Nilivyomwambia yule kijana akanipa kitambaa chenye dawa nifute mwenyewe. Pale niliumia, hela yote ile mtu unafuta poda ya mtu usiyemjua. Jambo lingine, akaunti iliyokua ndani ya hedseti ilikua ya mtu mwingine, katikati ya kikao ikanitokea taarifa mbele ya macho kwamba rafiki yangu fulani ananialika tukapigane ndondi. Hawafuti. Ukikodi waambie wafute mbele yako.

Haya, tukaingia.

Kwa asiyewahi, ukishavaa ofisi inapotea, unajikuta umesimama ndani ya nyumba. Sio picha ya nyumba, uko ndani, ukiinua kichwa dari iko juu, ukigeuka nyuma kuna mlango. Wenzako unawaona kama vikatuni, kichwa, kiwiliwili, mikono, na kwenye ile apu tuliyotumia miguu hakuna, watu wanaelea. Bi Mkubwa salamu yake ya kwanza baada ya asalaam aleykum ilikua "Miguu yenu iko wapi? Mbona mmekua kama majini?" Tukacheka mpaka mjukuu wake akawa anatusihi tutulie. Halafu akaona mikono yake mwenyewe haina hina akasikitika, na ile avata, yaani kikatuni chake, aliyochaguliwa ilikua kichwa wazi, akasema yeye haingii kwenye kikao cha wanaume hivyo, mjukuu akaingia kwenye mipangilio akamtafutia mtandio. Ulikuwepo, nikashukuru Mungu.

Baada ya hapo ndo nikaona kitu ambacho miaka miwili ya Zoom haikunionyesha. Yule bibi alinyamaza. Akawa anatembea, chumba hadi chumba, taratibu, sisi tunamfuata. Kwenye korido akanyoosha mikono pande zote mbili, ilikua ya sentimita 90, akasema "hapa nikiwa na sinia la chakula na mtu anakuja, nani atampisha mwenzie?" Ile korido kwenye PDF aliiona mara mbili, akasema mashallah.

Jikoni akasimama mbele ya kaunta, tumeiweka senti 90 kama kawaida, na yeye ni mfupi, akaweka mkono pale juu akasema hii ya nani. Halafu akauliza swali ambalo sitalisahau. "Nikikuna nazi nitakaa wapi?" Mimi nikaanza kumwambia kuna kaunta, kuna blenda, akanikata, "mbuzi mwanangu, mbuzi, nitakaa nayo wapi?" Na papo hapo avata yake ikashuka chini. Kule Muscat, sebuleni kwa mwanae, yule mama kakaa chini kweli na miwani usoni kama anakuna nazi, anapima kama miguu itapita kati ya kabati na mlango wa stoo. Haipiti. Fundi wetu akachuchumaa pale pale akaonyesha kwa mikono, "Bi Mkubwa, tukila senti 40 hapa inatosha?" wakawa wanapimana wao kwa wao, mtu wa Keko na mtu wa Muscat, mimi nimesimama pembeni nimetoa macho.

Lakini lililolipa ile laki na nusu ni hili. Akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kusalia, akauliza kibla, nikamwambia kaskazini, maana kwa Unguja kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Akasimama pale akaelekea, akaridhika. Akatoka, akavuka korido, akaingia choo cha wageni. Kimya. Halafu, "Mwanangu, nimetoka kusalia nikapita mlango tu sikugeuka, mbona choo kinatazama kulekule?" Nikaangalia. Bakuli la choo linaelekea kibla, sawasawa kabisa. Kwenye karatasi mshale wa kaskazini uko pale juu kwenye kona, mimi nimeuchora kwa mkono wangu, bosi kapitisha, Bi Mkubwa kapitisha, na hakuna aliyeona, kwasababu kwenye karatasi unaangalia nyumba kutoka juu kama kunguru. Mwili wake ulikua bado unakumbuka ulikotazama dakika moja nyuma. Tukaligeuza robo, bomba likahama upande, na jamvi lilikua halijamwagwa. Aliyewahi kuvunja jamvi kufuata bomba anajua hapo tumeokoa nini.

Sauti nayo niisemee maana watu wanasahau. Kwenye video mkiongea wawili kwa pamoja ni vurugu, inabidi mmoja anyamaze. Humu sauti inatoka aliko mtu, aliye mbali anasikika mbali, kwahiyo mimi na fundi tulinong'ona jikoni mambo ya bei ya mbao huku Bi Mkubwa anamfokea mjukuu wake sebuleni na hakuna aliyemkatisha mwenzie. Kile ndo kitu kilichofanana zaidi na kikao cha kweli. Kuna profesa wa Stanford, Jeremy Bailenson, 2021 aliandika kwanini Zoom inachosha, mojawapo alisema ni kujiona sura yako mwenyewe mchana kutwa na nyuso za watu kukukaribia kuliko kawaida, nyingine ni kukaa umeganda ili usitoke kwenye kamera. Humu hujioni, na unatembea. Dada wa uhasibu alisema ni mara ya kwanza kumaliza kikao bila kufikiria nywele zake, ambazo kwa muda huo zilikua zimevurugika haswa.

Na bando cha kushangaza halikuliwa kama nilivyoogopa. Nikaja kuelewa kwamba wakati wa kikao haitumwi video yenu, kinachopita ni sauti na taarifa ya kichwa chako kimeelekea wapi na mikono iko wapi, hivyo ni vitu vidogo. Lile faili la nyumba ndo zito, na hilo linashushwa mara moja mwanzoni. Ukianza kurusha skrini ya kompyuta mle ndani basi hapo linaondoka.

Umeme je? Ulikatika, tena bahati nzuri mwishoni. Hedseti ina betri yake, kama saa mbili hivi, rauta tuna kibetri chake, nikasema hapa wameambulia patupu. Kumbe zile hedseti zinajua ziko wapi kwa kamera ndogo zinazoangalia chumba, na ofisi yetu ni ya ndani haina dirisha, giza likaingia na kamera hazioni kitu. Intaneti ipo, sauti ipo, nyumba inayumba kama jahazi. Bi Mkubwa akatuambia mmeanza kuruka sasa. Tukawasha tochi za simu tukamulika kuta, ikatulia. Weka hilo akilini, tochi.

Kichefuchefu kipo, msidanganywe. Ukitembea kwa miguu yako halisi hakuna shida, ila chumba chako kikiwa kidogo inabidi ujisukume kwa kontrola, vile vishikio vya mkononi, macho yanaona unaenda na masikio ya ndani yanajua umesimama, ni kama kusoma simu kwenye basi linapanda mlima Kitonga. Dada wa uhasibu alidumu dakika ishirini akaomba maji. Dawa yake ni kwenda kwa kuruka, unaonyesha pale unataka kufika na unatokea pale, bila kuteleza. Kijana wa duka hakutuambia, tuligundua wenyewe baada ya mtu kuwa wa kijani. Na joto la Dar, feni bila AC, dakika ya kumi lenzi zinaingia ukungu, unavua unafuta unavaa.

Sasa tulivyonogewa tukakodi tena wiki iliyofuata. Kikao cha pili kilikua cha hesabu, gharama na ratiba ya malipo, tukasema tufanye humo humo. Kosa kubwa. Jedwali la gharama kwenye ile skrini ya hewani herufi zinacheza, huwezi kuandika kitu kwenye daftari kwasababu daftari hulioni, simu ikiita huioni, mtu akiingia ofisini hujui. Bi Mkubwa akawa anataka risiti, risiti ziko kwenye WhatsApp, WhatsApp iko kwenye simu, simu iko nje ya dunia tuliyopo. Bosi akasinzia. Namwambia mtu ukweli, bosi kasinzia kwenye kiti na hakuna aliyejua, kwasababu hedseti zile hazifuatilii macho, avata yake ilikua imetukodolea macho na inapepesa kama kawaida, sisi tunamwelezea bei ya nondo anaonekana makini kuliko siku zote. Tulijua aliposhusha kidevu kifuani na sauti ikaanza kuja ile ya mkoromo, na inatoka kabisa upande aliko. Dakika ya arobaini tukavua wote tukarudi Zoom, tukamaliza kwa robo saa.

Ndo maana hawa wanaosema vikao vyote vitahamia humo mi siwaelewi. Ujerumani kule chuo cha Coburg waliwahi kuwafanyisha watu 18 kazi ndani ya VR wiki nzima, matokeo yakatoka 2022, wawili waliacha siku ya kwanza tu. Na wenye makampuni wenyewe hawajui wanachotaka. Microsoft waliichukua AltspaceVR, apu ya watu kukutana ndani ya VR, 2017, Machi 2023 wakaifunga. Meta, wakati huo wakiitwa Facebook, walileta Workrooms, apu yao ya vikao vya VR, Agosti 2021 watu wako majumbani na korona, tukaambiwa ofisi ndo hizo, Oktoba mwaka huohuo wakabadili hadi jina la kampuni, na Februari 2026 Workrooms nayo ikafungwa. Kwahiyo apu yoyote mtakayotumia msiweke humo kitu ambacho hamna nakala yake. Sisi mabadiliko yote ya kikao cha kwanza nilikaa jioni ile ile nikayahamisha kwenye ramani, nikaandika kwa mkono, Bi Mkubwa akatumiwa PDF mpya. Akajibu "mashallah mwanangu sawa," na safari hii nilimpigia kumuuliza sawa ipi.

Nyota nitoe kwa mafungu. Kuingia ndani ya nyumba kabla haijajengwa na mteja aliye mbali, tano, na kama unachora, unapanga duka, unafunga mashine au kitu chochote chenye kimo na upana ambacho watu wanabishania bila kukiona, kodi kesho. Kikao cha maneno na hesabu, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya mkoromo. Duka lenyewe nawapa mbili na nusu, vifaa vinafanya kazi, walifika kwa wakati, dhamana walirudisha siku ileile bila longolongo, ila usafi sifuri.

Tutakodi tena tukifika kwenye finishing, Bi Mkubwa ameshasema rangi za marumaru hachagui kwa picha. Ameomba na ile avata yake iwekewe hina, mjukuu anahangaika nayo mpaka leo. Mimi nimeshanunua sponji mbili za kwangu, na tochi.